Penseli Kabla ya Mkasi na Jembe

Kosa la penseli hufutwa kwa dakika moja. Kosa la mkasi hula kitambaa, na kosa la jembe hukaa ardhini msimu mzima. Anayeanza kuchora, kushona na kutunza bustani ndogo huko shambani angepaswa kupanga kazi zake kwa kufuata uzito huo wa makosa, lakini wengi huanzia mwisho. Cherehani inanunuliwa mwezi wa kwanza, eneo lote linalimwa mwezi wa pili, na daftari la michoro linabaki pambo la mezani. Baada ya muda cherehani imefunikwa shuka, nusu ya matuta ni magugu, na mtu anajisemea kwamba hana kipaji. Kilichokosewa ni mpangilio tu.

Gharama nazo zisemwe mapema, maana ndizo zinazofichwa zaidi. Cherehani hununuliwa mara moja. Kinachomaliza fedha polepole ni uzi, sindano, mafuta ya mashine, na kitambaa cha kujifunzia ambacho hakika kitaharibika. Kwa anayeishi mbali na maduka kuna na gharama ya umbali: sindano ya mwisho ikivunjika, kazi inasimama hadi siku ya kwenda mjini. Kwa hiyo akiba itangulie. Sindano za namba 80/12 na 90/14, tanotano, na mbili tatu za 100/16 kwa vitambaa vizito, bobini sita, yaani vigurudumu vidogo vinavyobeba uzi wa chini wa mashine, uzi mweupe, mweusi, na wa kijivu cha kati, ambao haujitokezi sana kwenye vitambaa vingi vya rangi. Ukienda kununua bobini, nenda na ya zamani mfukoni. Kuna bobini zinazofanana kwa macho lakini zimetofautiana kimo kwa kama milimita 1 hivi, na tofauti hiyo yatosha kuufanya uzi wa chini ukwame.

Gharama ya bustani ni maji. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili, na mboga nyingi zinataka karibu milimita 25 kwa wiki. Tuta lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5 lina mita za mraba 6. Hizo ni lita 150 kwa wiki mvua isiponyesha, yaani ndoo 15 za lita 10. Pima kwanza umbali wa kwenda kwenye maji, ujumlishe safari, ndipo uamue uwe na matuta mangapi. Ukubwa wa bustani huamuliwa na ndoo hata kama ardhi ni ekari nzima.

Basi, wiki za kwanza ziwe za penseli. Zinatosha tatu: HB, 2B na 4B. B ni ulaini na weusi, H ni ugumu na wepesi wa mstari. Ngazi hizo ziliwezekana kwa sababu ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté. Mwaka 1795, vita vilipoizuia Ufaransa kupata grafiti ya Uingereza, alichanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi kisha akauchoma. Udongo ukizidi penseli huwa ngumu. Grafiti ikizidi huwa laini. Chonga kwa kisu, grafiti ibaki wazi kama sentimita 1: ukiisimamisha hutoa mstari mwembamba, ukiilaza hutoa kivuli kipana. Karatasi ya kawaida ya ofisi, gramu 80 kwa mita ya mraba, inafaa kabisa kwa penseli. Kwa rangi za maji tafuta ya gramu 200 hadi 300, la sivyo itakunjamana.

Zoezi la kuanzia linachosha, nalo ndilo lenye faida kuliko mengine yote. Weka jani moja mbele yako, uchore ukingo wake bila kuitazama karatasi na bila kuinua penseli. Jicho litembee polepole, mkono ulifuate. Mchoro utatoka ovyo, na haidhuru, kwa kuwa kinachofunzwa hapo ni jicho kuacha kubuni. Asiyepitia zoezi hili huchora jani alilonalo kichwani, lenye pande mbili zilizolingana na mshipa ulionyooka katikati. Jani lililo mbele yake lina upande uliojikunja, tundu la mdudu, na mshipa uliopinda karibu na kikonyo.

Linalofuata ni kupima. Nyoosha mkono wote, funga jicho moja, shika penseli wima. Ncha yake iguse kilele cha mche, na ukucha wa dole gumba ushuke hadi usawa wa udongo. Bila kusogea, laza penseli uone urefu huo unaingia mara ngapi katika upana. Kiwiko kikijikunja hata kidogo, vipimo vinadanganya, na hapo ndipo shina linapotoka refu mno na majani kuwa madogo mno. Matawi yakikuchanganya, yaache. Chora vipande vya anga vinavyoonekana katikati yake. Jicho halina mazoea na umbo la nafasi tupu, kwa hiyo huliona kama lilivyo.

Kwa mmea mzima, anza na mstari hafifu wa shina, weka alama mahali kila jani linapotokea, chora mishipa mikuu kwa pembe zake, halafu kingo, na mwisho kabisa vivuli. Angalia kama majani yanatoka mawilimawili yakitazamana au moja moja kwa kupokezana. Kosa hilo dogo likitokea, hata kivuli kizuri namna gani hakitaufanya mmea utambulike. Andika tarehe, saa, urefu wa mmea na hali ya hewa pembeni mwa kila ukurasa. Maandishi hayo yatakuja kuwa na thamani kuliko mchoro wenyewe pale utakapotaka kujua lini ulipanda nini na kiliota baada ya siku ngapi.

Kaa kivulini, karatasi nayo iwe kivulini. Karatasi nyeupe juani hung'aa, mkono hujazia weusi kuushinda mng'ao, na ukiingia ndani mchoro unaonekana una giza. Jua nalo husogea nyuzi 15 kila saa. Chora mipaka ya vivuli mapema, kisha uishikilie hiyohiyo hadi mwisho, hata kama nje vimeshahama. Anayevifukuza vivuli humaliza na mchoro wenye majua mawili.

Karibu na wiki ya tatu au ya nne huja kipindi kibaya. Jicho hukomaa upesi kuliko mkono, hivyo makosa ambayo mwanzoni hayakuonekana sasa yanaonekana yote, na michoro kama inarudi nyuma. Wengi huachia hapo, nao walikuwa wanasonga mbele. Usichane kurasa, zitahitajika kwa kulinganisha.

Penseli za kuchorea kivuli kizito zikiisha, makaa hutengenezwa nyumbani. Vijiti vikavu vya unene wa penseli, vilivyomenywa gome, hupangwa kwa kubanana ndani ya kopo la bati. Kifuniko kitobolewe tundu moja la msumari, kisha kopo liingie motoni. Moshi utatoka kwenye tundu, na ukikoma kabisa, mara nyingi baada ya saa moja hivi, kopo litolewe na liachwe lipoe bila kufunguliwa. Ukilifungua likiwa la moto, hewa inaingia na vijiti vinageuka jivu mbele ya macho yako.

Mchoro wa kwanza wenye kazi ya kufanya ni ramani ya bustani. Tumia kipimo cha sentimita 2 kwa mita 1. Miti na vitu visivyo kwenye mstari huwekwa kwa kupima umbali kutoka pembe mbili za nyumba. Kwenye karatasi, zungusha bikari kutoka kila pembe kwa umbali wake. Pale mizingo inapokatana ndipo mti ulipo. Kisha chora mpaka wa kivuli asubuhi, adhuhuri na jioni, kila wakati kwa rangi yake. Mahali ambapo hapaguswi na kivuli chochote kwa saa 6 au zaidi ni pa mboga zizaazo matunda kama nyanya na pilipili. Panapopata saa 3 au 4 panafaa mboga za majani. Jambo hili ukilijua kwenye karatasi umeokoa msimu.

Kosa linalojirudia kwenye ramani ni kuichora mimea ikiwa midogo. Mchicha wa wiki mbili hauchukui nafasi. Mnyanya uliokomaa unahitaji duara la sentimita 50 hadi 60, ambalo kwenye ramani yako ni sentimita 1 na kidogo. Chora maduara ya ukubwa wa mwisho, uhesabu yanaingia mangapi. Jibu huwa dogo kuliko ulivyotarajia, na pakiti moja ya mbegu ghafla inakuwa nyingi.

Rundo la mboji lianzishwe wiki ileile unayoanza kuchora, kwa kuwa linachelewa. Likigeuzwa kila wiki linaweza kuwa tayari kwa miezi mitatu hivi; lisipogeuzwa, tegemea kati ya nusu mwaka na mwaka. Liwe na mita 1 kila upande, maana likiwa dogo zaidi ya hapo joto halitunziki. Changanya vitu vikavu, kama majani makavu na nyasi kavu, sehemu 2 hadi 3, na vitu vibichi, kama magugu yasiyo na mbegu na samadi, sehemu 1, kwa kipimo cha ndoo. Unyevu ni ule ambao ukikamua konzi moja kwa nguvu hutoka tone moja au mawili. Katikati joto likifika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, mbegu nyingi za magugu hufa. Kwa asiye na kipimajoto, chuma kilichochomekwa kwa dakika kumi kikitoka hakishikiki, rundo linafanya kazi. Harufu kali ya mkojo ni ya vibichi vilivyozidi, harufu ya kuoza ni ya maji mengi na hewa kidogo. Tiba ya zote mbili ni kuongeza vikavu na kugeuza. Rundo lililopoa likiwa na vumbi ndani linadai maji.

Samadi mbichi isiwekwe kwenye tuta lililopandwa. Inaunguza mizizi, na inabeba vijidudu vinavyodhuru walaji. Iingie kwenye rundo, au izikwe ardhini siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo.

Udongo hupimwa kwa chupa ya kioo. Jaza theluthi moja ya udongo usio na mawe, ongeza maji karibu ijae, tia tone la sabuni, tikisa kwa nguvu dakika chache, kisha uiweke mahali isipoguswa. Kinachotuama ndani ya dakika moja ni mchanga. Tabaka linalofuata, linalotua kwa saa mbili hivi, ni vumbi laini la udongo, na kinachoendelea kushuka hadi kesho yake au keshokutwa ni mfinyanzi. Weka alama kila hatua. Mchanga ukitawala, maji na rutuba vitapita chini, nawe utakuwa wa kuongeza mboji kila msimu. Mfinyanzi ukitawala, sharti ni moja: usiulime ukiwa umelowa. Finya konzi, uidondoshe kutoka usawa wa kiuno; isipopasuka, rudi nyumbani ukashone. Mfinyanzi uliolimwa mbichi hukauka mabonge ambayo jembe halitayavunja hadi msimu umalizike.

Tuta lisizidi upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kulikanyaga, na njia ziwe za sentimita 45. Pembe hunyooshwa kwa kamba ya mita 12 iliyogawanywa kwa mafundo kuwa vipande vya mita 3, 4 na 5. Ikivutwa pembetatu, kona iliyo kati ya 3 na 4 ni mraba. Mboji ya unene wa sentimita 5 kwenye lile tuta la mita za mraba 6 ni lita 300, ndoo 30. Rundo la mita moja kila upande hupungua hadi karibu nusu likiiva, kwa hiyo linatosha tuta moja na ushei. Hesabu hii huwashtua wanaopanga matuta manane kwa mpigo.

Mbegu nazo zipimwe kabla hazijaingia ardhini. Funga kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, ukikague kila siku. Zikiota saba au zaidi, panda kama kawaida; zikiota chini ya tano, usiupoteze msimu kwa ajili yake. Kina cha kupanda ni mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu, hivyo maharage huenda sentimita 3 au 4 na karoti hazipiti sentimita 1. Karoti ndizo zinazokatisha tamaa zaidi. Huchukua hadi wiki mbili au tatu kuota, na katika muda huo udongo wa juu ukikauka ukafanya gamba, kamche hakalitoboi. Funika mstari kwa gunia lenye unyevu, na uchungulie kila asubuhi. Kijani cha kwanza kikionekana, gunia liondoke siku hiyohiyo.

Kwenye kitalu, miche iliyosimama vizuri jioni ikikutwa imelala asubuhi na shina limesinyaa usawa wa udongo, hiyo ni kuvu, na chanzo chake ni mbegu zilizobanana, maji mengi na hewa iliyosimama. Iliyolala haiponi. Mwagilia asubuhi tu, na punguza msongamano. Shina likiwa limekatwa kama kwa wembe na mche mzima umelala kando, huyo ni sota, kiwavi mkata miche. Zungushia kila mche mpya kikuta cha karatasi ngumu cha sentimita 7, tatu kati ya hizo zikiwa chini ya udongo.

Halafu kuna kupunguza miche, kazi ambayo watu huikwepa kwa huruma. Karoti zilizoachwa zimebanana hutoa nyuzi nyekundu zisizoliwa. Iache moja kila sentimita 5, nyingine uzikate kwa mkasi mdogo usawa wa udongo, maana kuzing'oa kunatikisa zinazobaki. Matandazo yafuate miche ikishafika urefu wa kiganja: nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, zisiguse mashina.

Bustani ikishapandwa huwa na wiki nyingi za kungoja, na hizo ndizo za sindano. Nisingemshauri mtu aanze na cherehani. Anza na kiraka cha suruali ya kazi, kwa mkono. Uzi usizidi sentimita 50, kwani mrefu hujisokota na kufunga mafundo. Kata kiraka kipite tundu kwa sentimita 2 kila upande, pembe zake zizungushwe kwa sababu pembe kali ndiyo hubanduka kwanza. Kunja kingo nusu sentimita, piga pasi, piga bandi ndefu za kushikilia, kisha shona kwa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele kwa milimita 3, inarudi kuingia pale mshono uliopita ulipoishia. Mshono huo hauachii hata uzi ukikatika sehemu moja. Tundu likiwa limezungukwa na kitambaa chembamba kilichochakaa, panua kiraka hadi kifike kwenye kitambaa chenye nguvu, la sivyo utashona upya kila mwezi pembeni mwa kiraka chako.

Cherehani ikifika, siku ya kwanza usitie uzi. Chora mistari kwenye karatasi ya daftari: iliyonyooka, kisha pembe, kisha mduara. Weka sindano kuukuu, maana karatasi huifanya butu, ushone juu ya mistari hiyo. Matundu yatakuonyesha mkono unakovutia. Kwa cherehani ya miguu, gurudumu la juu kwa mashine nyingi huzunguka kuelekea kwako. Likirudi kinyume uzi hukatika au kujifunga chini. Rudia kuanza na kusimama mpaka mguu uzoee. Usisukume wala kuvuta kitambaa, meno ya chini ndiyo yanayokisogeza, na sindano nyingi huvunjika kwa sababu mshonaji amevuta.

Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazofungana, wazo ambalo Mmarekani Elias Howe alilipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1846. Fundo la nyuzi hizo linatakiwa lizame katikati ya kitambaa. Ukilielewa hilo, matatizo mengi yanajieleza. Vitanzi vikionekana upande wa chini, kosa liko juu: uzi wa juu umelegea. Mara tisa kati ya kumi sababu yake ni kutia uzi huku mguu wa kukandamizia kitambaa ukiwa chini. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukaza uzi vimebana, na uzi unapita kando badala ya katikati yake. Fumua, inua mguu, tia uzi upya. Usiiguse skrubu ya bobini kabla ya hapo. Uzi wa chini ukijitokeza juu, legeza kidogo mkazo wa juu.

Mishono ikirukwa, tazama sindano. Huenda ni butu, maana saa nane hivi za kushona zinaitosha, au imewekwa vibaya. Shina la sindano nyingi za nyumbani lina upande bapa, na upande huo huwa kinyume na upande uzi unakoingilia. Lazima pia ipande hadi mwisho kabla ya kukazwa. Kitambaa kikikunjamana kwenye mshono, mkazo umezidi au sindano ni nene kwa kitambaa hicho. Namba 70/10 au 80/12 kwa vyepesi.

Kabla ya mkasi, kitambaa cha pamba kifuliwe kwa maji yatakayokifua siku zote, kikaushwe, kipigwe pasi. Pamba hupungua kwa asilimia kadhaa, na hupungua zaidi upande wa urefu. Gauni lililoshonwa kabla ya kufua hupanda juu ya goti wiki moja baadaye. Kisha tafuta mwelekeo wa nyuzi. Ukingo wa kiwandani unaonyesha urefu. Kwa upana, vuta uzi mmoja hadi ujikunje, ufuate mstari uliobaki kwa mkasi. Kitambaa kilichokatwa mshazari hujivuta, na mfuko au sketi hujizungusha mwilini hata kama mishono imenyooka.

Kazi ya kwanza iwe mfuko wa kuvunia, wenye upana wa sentimita 36 na kimo cha 40. Nafasi ya mshono ni sentimita 1.5. Kwa hiyo upana wa kukata ni 36 na mbili za 1.5, jumla 39. Kimo ni 40, na 1.5 ya chini, na 4 ya pindo la juu, jumla 45.5. Kata vipande viwili hivyo, na mikanda miwili ya 60 kwa 8. Kila mkanda kunja katikati kwa urefu, fungua, kunja kingo mbili zikutane kwenye alama, kunja tena. Umepata sentimita 2 zenye tabaka nne. Shona kingo zote mbili. Weka pande nzuri za mfuko zitazamane, shona ubavu, chini, ubavu, kwa mishono ya milimita 2.5, ukirudi nyuma mishono mitatu mwanzoni na mwishoni. Piga pasi mshono kabla ya kuendelea. Juu kunja sentimita 1, kisha 3, ingiza ncha za mikanda ndani ya pindo, sentimita 9 kutoka kila ubavu, na zishone kwa mraba wenye msalaba ndani. Pasi ndiyo inayotofautisha kazi safi na kazi ya haraka, na ndiyo hatua inayorukwa zaidi.

Mfuko ukikubali, sketi ya mpira kiunoni ndiyo inayofuata: upana wa kitambaa ni nyonga mara moja na nusu, mpira ni kiuno ukiondoa sentimita 5. Ila ijaribu kwanza kwa shuka kuukuu. Hapo napo chora kabla: umbo la mbele, vipimo vyote, hesabu za nafasi za mishono. Aliyechora huigundua mifuko iliyosahaulika akiwa bado na kifutio mkononi.

Daftari la bustani huingia kwenye kitambaa kwa njia ya tarizi. Chagua mchoro wa mistari, usio na vivuli, uuweke kwenye kioo cha dirisha mchana, kitambaa juu yake, ufuatishe kwa penseli laini. Uzi wa tarizi huja na nyuzi sita. Tumia mbili kwa mishipa ya jani na tatu kwa ukingo. Fundo halihitajiki, mwisho wa uzi hupitishwa nyuma chini ya mishono. Mchoro wa majani mengi madogo hushindikana kwenye kitambaa chenye nyuzi nene, kwa hiyo punguza: jani moja kubwa kutoka ukurasa mzuri linatosha.

Msimu ukiisha, mbegu ulizotunza zikauke hadi zivunjike badala ya kujipinda, ziingie kwenye bahasha za karatasi zenye jina na mwaka, na bahasha kwenye chombo kinachofungwa, mahali pakavu penye ubaridi. Majembe yasuguliwe udongo na kupakwa mafuta. Cherehani itolewe pamba iliyojikusanya chini ya meno, iwekwe tone moja la mafuta ya mashine katika kila tundu lake. Mafuta ya kupikia huganda na kuifunga mashine, na kuisafisha ni kazi ya siku nzima. Izungushwe bila uzi kwa dakika moja, halafu ishone kwenye kitambaa chakavu mpaka madoa ya mafuta yaishe, ndipo ifunikwe.